Uchaguzi wa Tatu wa Kaka Yangu

Watu wakiniuliza kaka yangu alifikaje bungeni, huwajibu kwa ufupi. Mara ya kwanza alifika kwa baiskeli, mara ya pili kwa mabati, mara ya tatu kwa ng'ombe. Mara ya nne hakufika. Wengi hucheka wakidhani natania, kisha hutaka kusikia habari za mabati, maana shule kadhaa za kwetu zinanyeshewa juu ya mabati hayo mpaka leo. Habari za ng'ombe hawaziulizi kwa sababu wanadhani wanazijua.

Baba yetu alikufa tukiwa wadogo. Aliacha mwana mmoja, binti mmoja, na shamba la migomba linaloteremka mpaka mtoni. Ng'ombe wa kuolea hakuacha. Kwetu Kisii jambo hilo lina dawa yake: ng'ombe wanaoletwa dada anapoolewa ndio kaka hutumia kuoa. Kwa hiyo mimi, ingawa nilikuwa mdogo kwa kaka, nilitangulia kuolewa. Ng'ombe waliingia kwa lango letu, na hawakukaa hata wakazoea majani yetu. Kaka aliwapeleka kwa wazazi wa msichana mmoja wa karibu na Mosocho, naye akaja kuwa mke wake. Yaani shemeji yangu huyo aliingia nyumbani kwetu kwa sababu mimi nilitoka.

Mtu wa nje ataona ni biashara. Sisi tuliona ni undugu. Kaka aliyeoa kwa ng'ombe wa dada yake hawezi kumsahau, kwa maana kila akiona moshi jikoni kwake anajua umetoka wapi. Upande wa pili wa jambo hilo hatukuuzungumza sana: ndoa ya dada ikivunjika, ng'ombe hudaiwa, na anayedaiwa ni kaka. Kwa hiyo kaka mwenye akili huiombea heri ndoa ya dada yake kuliko hata yake.

Niliolewa ng'ambo ya mto, katika ukoo mwingine, kwa kuwa mtu haolewi na ukoo wake. Wazee wetu husema tunaooana nao ndio tunaopigana nao, na hawasemi hivyo kwa huzuni. Wanataja tu jambo lilivyo. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, aliyekunja suruali yake vizuri kabla ya kuingia shambani na kuikunjua vizuri alipotoka. Nilimpenda. Nalisema hapa kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Arusi ya kanisani tuliahirisha kila mwaka mpaka baada ya mauzo ya pareto, na kila mwaka baada ya mauzo ya pareto palikuwa na jambo jingine. Mchungaji alinung'unika kidogo kisha akazoea. Ndoa yetu ilisimama juu ya ng'ombe peke yake, na hatukuona kasoro yoyote, maana ndoa ya mama na ya bibi zilisimama palepale.

Mwaka wa Uhuru ulipokaribia kaka alikuwa karani wa chama cha wakulima wa pareto. Alikuwa na baiskeli nyeusi, kalamu mbili mfukoni, na Kiingereza cha kutosha kumjibu Mzungu wa kilimo bila kuinamisha kichwa. Wazee wa ukoo wetu walimkalisha chini wakamwambia aende akatusemee bungeni. Lakini kura za ukoo mmoja hazikutosha. Aliyemwokoa ni baba mkwe wangu, mzee mwenye sauti nzito, aliyesimama kule ng'ambo akawaambia watu wake, "Huyu ni shemeji yetu. Kijana yetu ameoa kwao. Mkimnyima kura, mtamwangaliaje huyu msichana akiwapikia?" Watu wakacheka, wakampa.

Naikumbuka foleni ya siku ile kuliko ninavyoikumbuka arusi ya mtu yeyote. Kaka alizunguka na baiskeli tangu alfajiri akiwahimiza watu, suruali imefungwa kwa kamba kifundoni isiliwe na mnyororo. Mama alikuja na viatu mkononi. Alipofika mlangoni mwa darasa la kupigia kura akavivaa, akaingia, akapiga, akatoka, akavivua. Alisema hawezi kumpigia mwanawe kura akiwa miguu mitupu.

Kipindi cha kwanza kaka alikifanyia kazi kweli. Simnyimi haki yake. Alirudi kila mwisho wa mwezi katika gari jeupe lililojaa vumbi, akakaa na watu chini ya paa za nyasi za madarasa akawauliza wanataka nini. Walitaka mabati. Akaitisha harambee, akaleta wageni kutoka Nairobi, akasimama juu ya meza akiwa ameshika kuku aliyetolewa na mjane fulani, akampiga mnada mpaka kuku yule akanunua robo ya paa. Tulipata josho la ng'ombe, tukapata daraja, tukapata barabara ya kupeleka majani ya chai. Sisi Wasabato tulilima chai tusiyoinywa, na kaka alipenda kusema bungeni kwamba watu wake ndio wakulima waaminifu kuliko wote nchini, maana hawaonji mali ya mteja. Nasikia wabunge walicheka sana.

Mwaka sitini na tisa akapita tena bila kutoka jasho. Pande zote mbili za mto zilimpigia. Nilikuwa na binti wawili wakati huo, na niliposhuka mtoni kuchota maji wanawake wa ng'ambo walinipisha. "Mpisheni dada ya mheshimiwa, asichelewe." Ulikuwa utani, lakini walinipisha kweli.

Kosa la kaka, kama lilikuwa kosa, lilikuwa la zahanati. Aliwaahidi watu wa ng'ambo zahanati. Aliweka jiwe la msingi mbele ya kwaya mbili, na jiwe likabaki jiwe. Fedha zilipopatikana zahanati ilijengwa upande wetu, kwa wale wazee waliompeleka bungeni tangu mwanzo. Watu wa ng'ambo waliendelea kubeba wagonjwa kwa machela wakivuka daraja la kaka kuja kwenye zahanati ya kaka. Kila aliyebebwa kuvuka daraja lile alirudi na maneno.

Basi mwaka sabini na nne ukoo wa mume wangu ukasema umempigia mara mbili, sasa ni zamu yao. Siwalaumu, hata mimi ningesema hivyo. Wakamsimamisha kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye alikuwa na duka kubwa sokoni na ulimi mkubwa zaidi. Katika boma moja nikawa dada ya mbunge na shemeji ya anayetaka kumng'oa. Watu wa mjini hupenda kusema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Mimi sikuwa nyasi. Nyasi huota tena.

Mwanzoni mambo yalikuwa ya kuchekesha. Mume wangu hakutaka siasa. Alikuwa akisahihisha madaftari huku vijana wa kaka yake wakiimba nje. Mvulana wetu, kitinda mimba, alikuwa bado ananyonya, akajifunza kupiga makofi kwa nyimbo za kumtukana mjomba wake. Nilimwacha apige.

Kisha ukaja mkutano wa sokoni. Sikuwapo, nilisimuliwa na mume wangu jioni akivua viatu. Mwenye duka alipanda juu ya gari la mizigo, akauliza umati, "Huyu mheshimiwa wenu, mnajua alioa namna gani? Alioa na ng'ombe zetu. Zilitoka kwa boma ya baba yangu. Yule mke anajivunia ni ng'ombe zetu zilimleta! Mtu hata mke ni wa kusaidiwa, atawasaidia na nini?" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mimi pia nilicheka. Ulikuwa utani wa mashemeji, wa kawaida kabisa, na ulikuwa kweli. Kila mtu pale alioa kwa ng'ombe wa dada yake au alijua aliyefanya hivyo. Ungekuwa umesemwa kwenye arusi, kaka angejibu kwa utani mkubwa zaidi na mambo yangeishia kwenye chakula. Lakini ulisemwa kwenye kura, ukaimbwa, na kila alipopita kaka watoto wa barabarani waliulizana kwa sauti mke wa mheshimiwa ni wa nani.

Kaka alikuja siku ya soko, wakati barabara imejaa watu. Nilikuwa nje nimetandaza maua ya pareto kwenye mkeka yakauke, mtoto mgongoni. Nilisikia kwanza wanawake wakiimba, nyimbo za kwetu, nikafikiri ni mahari ya binti wa mtu inapita. Kisha nikaona ng'ombe. Walikuwa ng'ombe wa gredi, wakubwa, weupe kwa weusi, wa kununuliwa kwenye mashamba ya Wazungu waliohama. Kundi la namna ile lilikuwa halijawahi kuvuka mto wetu. Nyuma yao alikuja kaka katika suti, na nyuma yake nusu ya jimbo.

Alisimama langoni kwa baba mkwe wangu. Alimsalimia kwa heshima zote, akiwa ameinama. Kisha akanyanyua sauti ili walio barabarani wasikie.

"Omogaka, mzee wangu, nimekuja na amani. Kijana yako alisema kwa mkutano mke wangu ni wa ng'ombe zenu. Ng'ombe zenu hizi hapa. Angalia kama kuna mbaya. Leo hakuna mtu ananidai mke, na hakuna mtu ananidai kura."

Umati ukapiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka Nyanchwa. Baba mkwe alikuwa mzee sasa, na alimpenda kaka. Ndiye aliyemwombea kura za kwanza. Nilimwona akiwatazama ng'ombe, kisha akinitazama mimi, kisha akiwatazama watu. Akiwakataa, itaonekana mwanawe alidai kitu ambacho boma halina haja nacho, na kura zimekwisha. Akiwapokea, amepokea. Mwenye duka alikuwa nyuma yake. "Fungua, baba," alisema. "Tukikataa watasema tulikuwa tunaomba."

Mzee akavuta gogo la lango, na ng'ombe wakaingia.

Naomba msomaji asiyekuwa wa kwetu anielewe hapa. Hakuna hakimu aliyeitwa na hakuna karatasi iliyotiwa sahihi. Ng'ombe wa mwanamke wakirudi katika boma walikotoka, mwanamke huyo si mke tena wa boma hilo. Hata mtoto anayechunga mbuzi anajua. Kaka alijua, na mwenye duka alijua, na wale waliokuwa wakishangilia barabarani walijua pia, lakini siku ile wote walikuwa wakiangalia kura.

Mume wangu aliitwa kutoka shuleni. Alifika mbio, chaki vidoleni, lango likiwa limeshafungwa. Alisema, "Kwani mimi nilidai?"

Wazee wa ukoo wake waliokuwa pale walijitenga kidogo, wakarudi. Mmoja alieleza kwa upole kabisa, kama anayeeleza njia kwa mgeni. Ng'ombe wameingia, kwa hiyo mke ametoka. Lakini watoto hawatoki. Ili watoto wabaki, lazima kila mtoto aachiwe ng'ombe wake upande wa mama. Akaingia zizini na fimbo.

"Hii ni ya msichana mkubwa," alisema, akamgusa ng'ombe mmoja mgongoni. "Hii ni ya yule anamfuata. Na hii," akatafuta kidogo, "ni ya huyu mwenye ananyonya."

Wakatolewa nje wakakabidhiwa kwa watu wa kaka. Kupokea kamba zile kulikuwa kuwaacha watoto. Kaka aliwatazama ng'ombe wale watatu. Akageuka akautazama umati, uliokuwa ukisubiri. Bungeni alikuwa na sifa ya kuongea mpaka spika achoke kumkatiza. Hapo alisema, "Sawa," na watu wake wakashika kamba.

Ndipo akanijia mimi. Alinong'ona, maana haya hayakuwa ya umati. "Dada, usishtuke. Ni siasa tu. Kura ikiisha nitazirudisha zote, na wewe utabaki kwako."

Watu wameniuliza nilimjibu nini. Nilimwambia, "Unakanyaga pareto." Alikuwa amesimama katikati ya mkeka kwa viatu vyake vya Nairobi. Akashuka, akaomba radhi, akaenda.

Sikuhisi kitu. Sijisifu wala sijitetei, natoa habari. Nilihisi kama mguu unavyohisi ukiukalia vibaya kanisani, unaujua ni wako lakini ukiufinya hausemi. Nilikusanya maua yaliyokanyagwa nikayatupa, yale mazima nikayageuza upande wa pili.

Mama mkwe aliniruhusu nikae mpaka kura ipigwe, ili watu wasione haraka. Siku ya kura jina langu lilikuwa bado ng'ambo, nikapanga foleni na wanawake walewale, ambao sasa hawakunipisha wala kunitania. Nilimpigia kaka. Nilihesabu hivi: akishindwa, atakuwa na hasira na mwenye duka na hatarudi langoni kwake maisha. Akishinda, atakuwa na furaha na atarudisha ng'ombe. Furaha ya kaka ilikuwa ndoa yangu na watoto wangu watatu, kwa hiyo niliipigia.

Alishinda kwa kura chache sana. Kura zilihesabiwa mjini Kisii, na redio ilipotangaza upande wetu wa mto uliimba siku nzima. Kila mtu alikubali kwamba zile kura chache aliletewa na ng'ombe. Nilizisikia nyimbo nikiwa nimekaa mlangoni nikingoja. Nilingoja aapishwe. Nilingoja arudi kutoka Nairobi. Aliporudi alikuwa na wajumbe na wageni na mambo ya chai, akatuma wazee wawili badala ya kwenda mwenyewe.

Walijibiwa kwa adabu. Waliambiwa ukoo ule umeshindwa uchaguzi na hautaki pia kushindwa ng'ombe. Kwamba mtu harudishi mahari leo na kuileta tena kesho kama jembe la kuazima. Na kwamba kwa vyovyote ng'ombe wale hawapo. Wameshapelekwa karibu na Nyamarambe, kwa wazazi wa msichana. Mume wangu ameshaolewa mke.

Nimeandika "ameshaolewa mke" na sitalifuta. Hakuoa. Walimwolea.

Alinisindikiza mpaka mtoni akiwa amebeba sanduku langu kichwani, mwalimu mzima, watu wakimwona. Darajani aliliweka chini. Alisema, "Wazee wamesema." Nikamwambia najua. Alikunjua suruali yake, akanipa mkono kama tunavyopeana kanisani, akarudi kwa sababu darasa la nne lilikuwa linamsubiri. Mabinti walikuwa shuleni. Mtoto alikuwa amelala kwa bibi yake. Hawakutaka nimuage akiwa macho. Kwa siku nyingi baadaye maziwa yalinijaa yakanilowesha nguo, na kifua kiliniuma sana. Hicho ndicho kitu pekee kilichoniuma, nacho kikapoa.

Nilipewa nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya mama. Wale ng'ombe watatu walikuwa katika zizi la mama, na kwa kuwa sikuwa na mume wa kulimia wala mtoto wa kufulia, kazi ya kukamua ikawa yangu. Nilikamua asubuhi na jioni. Ng'ombe wa msichana mkubwa alikuwa mtulivu. Wa pili alikuwa mkavu, tukambadilisha. Yule wa mtoto alikuwa na maziwa mengi kuliko wote na teke baya. Maziwa yalikwenda kwa watoto wa kaka, ambao walinenepa vizuri. Mke wa kaka alikuja siku moja kunisaidia, akashika kiwele, akaanza kulia. Alikuwa mtu mwema na alijua aliletwa na nini. Nilimwambia asilie juu ya ndoo.

Mabinti walikuja kuniona wakati wa likizo, wakakaa kwa adabu, wakauliza habari za kila mtu. Mvulana hakuletwa, walisema ni mbali kwake. Nilimwona Mosocho, siku ya soko, alipokuwa ametimiza umri wa kuanza shule. Yule mke wa mume wangu alikuwa amemshika mkono. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya. Alikuwa amemvalisha sweta safi, na aliponiona alisimama badala ya kukwepa, jambo ambalo wengi wasingefanya.

"Salimia mama," alimwambia.

Mtoto alinipa mkono. "Mama ya nani?" akamwuliza.

Yule mwanamke akanitazama akitaka nimsaidie jibu. Nilimnunulia mtoto ndizi mbivu, nikawaambia wawahi kabla ya mvua. Kweli mawingu yalikuwa yamekusanyika.

Mwaka sabini na tisa kaka alisimama kwa mara ya nne. Aliyempinga alikuwa kijana aliyesoma chuo kikuu, mwenye nywele nyingi. Hakuwa na baiskeli, mabati wala ng'ombe. Alikuwa na maneno tu, na mengine yalinihusu mimi. Mwenye duka alimpa jukwaa na gari lake la mizigo, na kijana akasimama juu yake akauliza, "Mtu alirudisha dada yake kama chupa ya soda, nyinyi atawarudisha wapi?" Watu walewale waliokuwa wameshangilia ng'ombe wakivuka mto walishangilia na hili. Walimtuma mwanamke mmoja aniombe nipande jukwaani nisimame tu, nisiseme kitu. Nilimwambia nina ng'ombe wa kukamua.

Ng'ambo kaka hakupata kura ya kutaja. Upande wetu walimpigia wazee, na wazee wengi walikuwa wamekufa. Mama alikuwa amekufa pia, amezikwa kando ya nyumba yake. Redio ilisoma jina la kaka la pili, likapita haraka, wakaingia jimbo jingine.

Wiki chache baadaye, Sabato moja baada ya ibada, alikuja nyumbani kwangu. Tangu nirudi alikuwa hajawahi kuingia akakaa. Daima alisimama mlangoni, gari likinguruma. Sasa alikuja kwa miguu. Nilimpa uji. Alizungumza habari za watu waliomgeuka, na habari za kijana yule asiyejua hata josho lilianzaje, nami nikaitikia panapostahili. Kisha akaweka kikombe chini.

"Dada, ile mambo ya ng'ombe," alisema. "Sasa sina kura ya kutafuta. Nimefikiria nipeleke ng'ombe tena kwa shemeji. Nitaenda mimi mwenyewe, bila watu. Urudi kwako."

Alikuwa anasema kweli. Nilimtazama usoni, nikaona ni yule karani wa pareto, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo nilimhurumia. Nilimweleza taratibu. Ng'ombe wale walileta mke mwingine, na mke huyo amezaa, na ndiye anayewavalisha watoto wangu sweta. Akipeleka ng'ombe wengine pale, watamwuliza ni binti yupi anamwoza. Mimi ni mtu mzima. Mwanangu ana mama.

Mikono yake haikujua pa kukaa. "Basi unataka nikufanyie nini?"

Sikuwa nimelipanga, ila lilipotoka niliona nimekuwa nalo muda mrefu. Nilimwambia anionyeshe mahali nitakapozikwa.

Kwetu mwanamke huzikwa kwa mume wake, kando ya nyumba yake, na watoto wake ndio humwaga udongo wa kwanza. Binti hazikwi ndani ya boma la baba yake. Aliyerudi hutafutiwa pembeni, nje ya ua, mahali ambapo hakuna atakayejenga wala kulima, na mara nyingi watu hawakubaliani ni wapi.

Kaka aliinuka akaenda mlangoni. Alitazama upande wa kaburi la mama. Alitazama upande wa nyumba ya mke wake, na sehemu alizowapimia wanawe, na zizi, na migomba inayoteremka mtoni. Mtu huyo alikuwa amegawa viwanja vya shule na kanisa na josho, na aliweza kusimama popote katika jimbo akanyoosha mkono akasema hapa patajengwa hiki. Mkono wake ulibaki mfukoni.

"Hiyo," alisema bila kugeuka, "itabidi niulize wazee."

Nikamwuliza itahitaji kura ngapi.